Damu Ichujwapo Nje ya Mwili: Yampasayo Mgonjwa wa Figo Kuyajua

Figo za mtu mzima huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180 kwa siku, kisha karibu yote huyarudisha mwilini. Kitokacho kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Zinaposhindwa kazi, taka, chumvi na maji hubaki ndani. Miguu huvimba, ngozi huwasha, hamu ya chakula hupotea na pumzi hubana mgonjwa alalapo. Katika hali hiyo ndipo mkazi wa Dimani huelezwa hospitalini kwamba damu yake itachujwa kwa mashine, na hofu mbili humjia: kwamba damu yake itakwisha, na kwamba akianza hatoweza kuacha.

Hofu ya kwanza haina msingi. Damu hutoka kwa mpira mmoja, hupita katika chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, na hurudi kwa mpira wa pili bila kukoma. Iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kiasi cha robo lita. Nje ya nyuzi hizo hupita maji maalumu yaliyosafishwa, yapatayo lita 120 kwa kikao kimoja, nayo ndiyo huchukua taka. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi, aliyetengeneza mashine ya kwanza ya namna hii mwaka 1943 wakati wa vita, alitumia utando wa kufungia soseji. Kanuni haijabadilika tangu hapo.

Hofu ya pili yahitaji jibu la wazi. Figo zilizoumia ghafla, kwa malaria kali, kuharisha sana au kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, huweza kupona, na mgonjwa akaachana na mashine. Zilizochakaa kwa miaka mingi hazirudi. Huyo atachujwa damu maisha yake yote au mpaka apandikizwe figo ya ndugu, huduma iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017. Mashine haimzoeshi mtu. Ni figo ndizo zilizokwisha. Anayeacha kwa kuwa amejisikia nafuu huweza kufariki ndani ya siku au majuma machache, na ile nafuu aliyoisikia ilitokana na mashine hiyo hiyo.

Kikao cha kawaida huchukua muda wa saa nne, mara tatu kwa juma. Mgonjwa hupimwa uzito kwanza, maana ongezeko tangu kikao kilichopita ndilo humwonyesha muuguzi maji ya kuondoa. Sindano mbili huchomwa mkononi. Maji yakitolewa kwa kasi, shinikizo la damu hushuka, misuli ya miguu hukakamaa na kichwa huzunguka. Yafaa amwambie muuguzi mara moja, wala asivumilie kimya kwa kuona haya. Baada ya hapo uchovu ni mkubwa, na wengi hawajiwezi mpaka walale.

Wengi huanza kwa mpira uliopitishwa shingoni, ambao huingiza vijidudu kwa urahisi. Kilicho bora ni mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji mdogo na ateri ili upanuke, uitwao fistula. (Neno hili huwashtua akina mama waliolizoea kwa maradhi yatokanayo na uzazi; hapa lina maana nyingine.) Hukomaa kwa majuma kadhaa, hivyo yafaa utengenezwe mapema. Mkono huo haupimwi shinikizo la damu, hautolewi damu ya vipimo, wala haubebeshwi ndoo.

Mashine hufanya kazi saa kumi na mbili kwa juma; saa zilizobaki ni za mgonjwa na nyumba yake, na hapa ndipo penye mtihani mkubwa kwa watu wa Kibiti. Dafu, ambalo kwetu hupelekewa mgonjwa yeyote kama heshima, lina potasiamu nyingi, nayo ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Ndizi, embe na korosho vina hatari hiyo hiyo. Juisi ya birimbi huumiza hata figo nzima. Muhogo humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi na maji hayo humwagwa. Samaki wa chumvi huleta kiu, na kiu huleta maji ambayo hayana pa kutokea. Jirani ajaye kumjulia hali mgonjwa aulize kwanza.

Kisha kuna safari. Kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 140, na atokaye Dimani hana budi kwanza kuifikia barabara kuu. Kwa jirani zake wa Salale na Msala, safari huanza kwa boti na hufuata maji kujaa na kupwa. Mara tatu kwa juma, jambo hili haliwezekani kwa muda mrefu. Familia iliyokaa mapema ikaamua mgonjwa atafikia kwa nani mjini, na nani atashika shamba lake, huokoa zaidi ya ile inayochanga nauli kikao baada ya kikao. Kabla ya kuondoka, iulize bima inagharamia vikao vingapi. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri akiwa na barua ya kijiji.

Walio wazima wanayo njia fupi zaidi. Shinikizo la damu na kisukari ndivyo viharibuvyo figo za wengi, navyo hukaa miaka bila maumivu. Kichocho cha mabondeni, kisipotibiwa, huziba njia ya mkojo hadi figo zikaharibika. Diklofenaki inunuliwayo dukani kila mgongo uumapo baada ya kulima huongeza mzigo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aombe pia kupimwa mkojo kama una protini, kwani hiyo huonekana mapema, miguu ikiwa bado haijavimba.