Shule ya Serikali au ya Dini: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumwandikisha Mtoto

Kila ufikapo msimu wa uandikishaji, wazazi hulinganisha shule za Serikali na zile za taasisi za dini. Ulinganisho huo una historia ndefu wilayani Muheza, kwani huko Magila wamisionari wa Kianglikana walifundisha tangu karne ya 19. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni nchini zilitwaliwa na Serikali. Shule za dini zilizopo leo husajiliwa na Serikali, hukaguliwa na wadhibiti ubora, na wanafunzi wake hufanya mitihani ileile ya Baraza la Mitihani la Tanzania.

Hata hivyo, wastani wa ufaulu pekee hautoshi kupima ubora. Shule inayochagua wanafunzi kwa usaili na kutoza ada haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na shule ya kata inayopokea watoto bila ada. Yafaa mzazi aulize: mtoto aliyeingia akiwa nyuma kimasomo amefikishwa wapi? Darasa lina wanafunzi wangapi? Walimu wa sayansi na hisabati wapo?

Kwa mtoto mwenye ulemavu, maswali huongezeka. Huko Irente, Lushoto, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limeendesha shule ya watoto wasioona tangu mwaka 1963, na pia Shule ya Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Shule za namna hiyo zina uzoefu mkubwa, lakini ni chache na huweza kumweka mtoto mbali na wazazi. Serikali huanzisha vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida, ili mtoto asome pamoja na wenzake. Kitengo hufaa pale penye mwalimu aliyesomea kazi hiyo na vifaa vyake, kama mashine ya nukta nundu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kupokelewa katika shule za umma na za binafsi. Kumficha nyumbani ni kumnyima haki hiyo. Mzazi amfikishe mapema kwa mwalimu mkuu au Afisa Elimu Kata, ili apimwe na kuelekezwa shule inayomfaa.