Dondoo muhimu: Punguza mifugo kabla ya kuhama

Anza miezi mitatu kabla. Anayeuza siku lori linapofika mlangoni hupangiwa bei na mnunuzi.

• Zuia uzazi. Usiatamishe tena kuku. Mayai huchukua siku 21 kuanguliwa. Mtenge beberu, kwani mbuzi hubeba mimba takribani miezi mitano, na mwenye mimba kubwa hafai kusafirishwa.

• Gawa makundi matatu: wa kuuza, wa kuchinja, wa kuhama nao. Majogoo wa ziada na kuku walioacha kutaga watangulie. Bakiza mitetea wachache wanaotaga vizuri na jogoo mmoja.

• Lenga msimu. Mbuzi na kondoo hutafutwa sana kuelekea Idd el-Hajj, kuku kuelekea Krismasi. Mbuzi wapeleke mnadani. Kuku waulizie kwanza majirani na mama lishe.

• Angalia dawa. Mnyama aliyetibiwa asichinjwe, wala asiuzwe kwa nyama, kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa hazijaisha.

• Fuata kibali mapema. Kwa Tanzania, mwone afisa mifugo wa kata akuelekeze kuhusu ukaguzi na kibali cha kusafirisha mifugo.

• Chanja wanaohama. Kuku wapate chanjo ya kideri angalau wiki mbili kabla ya safari. Wasafirishe alfajiri kwenye matenga yanayopitisha hewa, bila kuwasonga.

• Usiache samadi. Wakulima wa bustani huinunua kwa gunia. Mabati na vyombo vya maji navyo vina wateja, ila viuze banda likishabaki tupu.