Pilau ya Sikukuu: Kitunguu Kiive, Supu Ipimwe kwa Umri wa Mchele

Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, asubuhi ya sikukuu hunukia binzari nyembamba. Waislamu hupika pilau siku ya Idi, Wakristo siku ya Krismasi, na sahani zilizofunikwa huvuka uchochoro kwenda kwa jirani wa dini nyingine. Viungo ni vilevile. Kinachobadilika ni mchele.

Kwa kilo moja ya mchele na kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, jikoni kwangu huingia vitunguu maji vikubwa 5, viazi mbatata 6, mafuta kikombe kimoja, kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, binzari nyembamba vijiko 2 vya chakula, iliki 10, karafuu 8, mdalasini vijiti 2 na pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Karafuu ni za Pemba. Iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa milima ya Usambara, upande wa Muheza. Binzari ya pakiti hurahisisha kazi, lakini ile nzima, ikikaangwa kavu kidogo na kutwangwa kwenye kinu, hunukia zaidi.

Nyama huchemshwa kwanza kwa chumvi na tangawizi, na supu yake hutunzwa.

Kisha kitunguu. Mpishi mwenye haraka hukitoa kikiwa bado cha dhahabu, na pilau yake hutoka nyeupe. Kinataka moto wa wastani na kugeuzwa mara kwa mara hadi kiwe kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Wahungaria nao huanzia kwenye kitunguu wanapopika gulyás, supu yao ya nyama. Kikishaiva, huepua sufuria kabla ya kutia paprika, kwa kuwa unga huo wa pilipili nyekundu una sukari na huungua upesi. Binzari nayo haipendi kuungua: hufuata baada ya swaumu, ikageuzwa kidogo tu, ndipo nyama na viazi viingie.

Supu ndiyo yenye hesabu. Mpunga wa Kyela na Mbarali huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, kwa hiyo mchele wa Krismasi umeshakauka miezi kadhaa na hunywa sana: kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha supu, au zaidi kidogo. Idi husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2019 Idi el Fitri iliangukia mwanzoni mwa Juni, wakati wa mavuno. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi, kabla ya mavuno, mchele ukiwa bado wa msimu uliopita. Mchele mpya hutosheka na kikombe kimoja na robo, ukizidishiwa huwa bokoboko. Muulize muuza mchele ni wa msimu upi kabla hajaupima.

Supu ikichemka, mchele uliooshwa huingia. Ikikauka hadi usawa wa mchele, punguza moto, funika na palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika 20 hivi.

Andaa kachumbari ya nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili na ndimu wakati wa kupakua, isichuje maji mapema. Kiporo kikihifadhiwa kwenye friji, kesho yake hunyunyiziwa maji kidogo, hupashwa moto hadi kitoe mvuke, na huliwa kwa chai ya rangi.