KUJARIBU DAWA YA UVIMBE WA FIGO

Si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe uitwao angiomayolipoma, ulioundwa kwa mishipa ya damu, misuli laini na mafuta, hukua katika figo bila kusambaa mwilini. Hata hivyo si wa kupuuzwa: ukizidi kipenyo cha sentimita 4, mishipa yake dhaifu huweza kupasuka na kuhatarisha maisha. Huwapata wengi wenye ugonjwa wa nadra wa tuberasi sklerosisi.

Chanzo chake ni kuharibika kwa jeni ya TSC1 au TSC2. Protini za jeni hizi huzuia kimeng'enya cha mTOR, ambacho huamrisha seli zikue. Zikikosekana, seli huwa kama gari lililokatika breki mteremkoni. Rapamaisini, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huizuia mTOR.

Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba wagonjwa 20 walikuwa wametumia dawa hiyo kwa mwaka mmoja. Ujazo wa uvimbe ulishuka hadi wastani wa asilimia 53 ya ule wa awali. Mwaka mmoja baada ya kuiacha, ulirudi hadi asilimia 86. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganishia.

Matokeo ya jaribio kamili zaidi yalichapishwa mwaka 2013. Watu wazima 118, wenye tuberasi sklerosisi au ugonjwa wa mapafu unaohusiana nayo, waligawanywa kwa bahati nasibu. Watu 79 walipewa everolimasi, ndugu ya rapamaisini, miligramu 10 kila siku. 39 walipewa vidonge vinavyofanana nayo visivyo na dawa. Wagonjwa na madaktari wao hawakujua nani amepewa kipi. Mafanikio yalihesabiwa pale ujazo wa uvimbe ulipopungua kwa nusu au zaidi.

Waliofanikiwa ni 33 kati ya 79, yaani asilimia 42. Katika kundi la pili hakuna hata mmoja. Kama dawa isingefaa kitu, uwezekano wa kupata tofauti hiyo kwa bahati tu ungekuwa chini ya 1 katika 10,000. Ndiyo sababu wagonjwa wachache walitosha. Lakini dawa haikukosa madhara: vidonda vya kinywa viliwapata asilimia 48 ya walioitumia, na asilimia 8 tu ya wengine.

Maswali
1. Kwa nini madaktari nao walifichwa?
2. Matokeo ya 2008 yanaonyesha dawa huponya, au huzuia tu? Eleza.