Kuelea kwa Boti la Mpira katika Mto Boise: Yanayopasa Kujulikana Kabla ya Kuingia Majini

Kila kiangazi, jua la Idaho linapokuwa kali, familia nyingi huelea katika Mto Boise kwa maboti ya mpira na tyubu, kutoka Barber Park hadi Ann Morrison Park, mwendo wa maili 6 hivi. Msimu hauna tarehe maalumu. Husubiriwa maji yapungue na mto ukaguliwe, na mara nyingi hufunguliwa mwishoni mwa Juni au mwezi Julai. Kabla ya hapo mto haufai kuingiwa, hata siku ikiwa ya joto.

Baridi ya maji ndiyo inayowashangaza wengi. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, akaogelea tangu utotoni, hudhani kwamba anayajua maji. Lakini mto huu hutoka katika bwawa la Lucky Peak, na maji yake ni theluji iliyoyeyuka milimani. Anayetumbukia ghafla hutweta bila kukusudia, na akitweta kichwa kikiwa chini huvuta maji mapafuni. Mshtuko huo hutulia baada ya dakika 1 hivi. Maji yakiwa baridi sana, baada ya dakika 10 hivi vidole hupoteza nguvu, na hata mwogeleaji hodari aweza kushindwa kushika kamba aliyorushiwa.

Kwa sababu hiyo jaketi la kujiokolea huvaliwa nchi kavu na kufungwa vifungo vyote. Sheria ya Idaho huwataka watoto wa miaka 14 na chini ya hapo walivae wawapo katika chombo kidogo. Mtu mzima naye ana kila sababu ya kulivaa. Mzazi amnyanyue mtoto kidogo kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Vibofu vya mikononi vinavyouzwa madukani ni vitu vya kuchezea. Mama anayevaa kitenge au buibui si lazima aache stara yake, ila vazi refu likilowa huwa zito na hunasa kwenye matawi. Suruali ndefu nyepesi na blauzi ya mikono mirefu humsitiri bila hatari hiyo.

Aliyeanguka mtoni asijaribu kusimama palipo na mkondo wa kasi. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji humwinamisha na kumzamisha, hata kina kikiwa cha kufika mapajani tu. Alale chali, miguu iwe juu na itangulie kule maji yaendako, huku akipiga mikono kuelekea ukingoni. Miti iliyoanguka huyapitisha maji na kumzuia mtu, kwa hiyo ikwepwe mapema. Kufunga tyubu pamoja ili watoto wasitengane huonekana kuwa busara, lakini kamba hizo hunasa kwenye miti na nguzo za madaraja.

Anayeona mwenzake akizama asijitupe majini. Amrushie kamba au amnyoshee kasia, na mwingine apige simu 911. Asiyejua Kiingereza aseme «Swahili» ili aombewe mkalimani, kisha ataje daraja au bustani iliyo karibu. Aliyeokolewa avuliwe nguo mbichi, afunikwe blanketi kavu. Akiendelea kukohoa, kuhema kwa shida au kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ijapokuwa mwenyewe anasema amepona.