Kila Ngoma na Kazi Yake

Kikundi chetu cha ngoma huku Rungwe, mkoani Mbeya, kilikaribia kuvunjika. Kila mtu aligombea ngoma kubwa. Ngoma ndogo zililala tu.

Kisha tukasoma habari za Japani. Huko ngoma huitwa taiko. Mwaka 1951 Daihachi Oguchi alikusanya ngoma kubwa na ndogo zipigwe pamoja, kila moja na kazi yake.

Nasi tukapanga hivi: ndogo inashika mwendo, kubwa inajibu. Kabla ya kupiga tunazipasha moto, maana mvua za kwetu hulegeza ngozi. Na kila mpigaji anamsikiliza mwenzake.

Sasa watu wanacheza mpaka jua linazama. Je, kwenu nani anashika ngoma ndogo?