SOMO LA HESABU: UCHAKAVU NA UUZAJI WA MALI YA KUDUMU

Mali ya kudumu ya chama, kama vile mashine, gari na mizani, hupungua thamani mwaka hata mwaka kwa kutumika. Upungufu huo huitwa uchakavu, nao ni gharama kama ulivyo mshahara wa karani. Chama kisichouandika huonyesha ziada isiyokuwapo. Wanachama wakigawana ziada hiyo, wamegawana mashine yao wenyewe.

Mfano: Chama cha msingi kilinunua mashine ya kusaga kwa Sh. 6,000,000. Ilitazamiwa kutumika miaka 5, kisha kuuzwa kwa Sh. 1,000,000.

Uchakavu wa mwaka: (6,000,000 – 1,000,000) ÷ 5 = Sh. 1,000,000.

Baada ya miaka 3 mashine iliuzwa kwa Sh. 2,400,000. Katibu hufungua akaunti ya uuzaji wa mali, na kuandika:

Debiti: Gharama ya mashine – 6,000,000
Krediti: Limbikizo la uchakavu – 3,000,000
Krediti: Fedha zilizopokelewa – 2,400,000
Krediti: Hasara – 600,000

Hasara hiyo hupelekwa katika hesabu ya mapato na matumizi. Ni kosa kuziandika Sh. 2,400,000 zote kuwa mapato.

Ikumbukwe kwamba kuandika uchakavu hakuweki fedha benki. Fedha za kununulia mashine nyingine hazina budi kutengwa, kwa uamuzi wa mkutano mkuu, kabla ziada haijagawanywa.

Zoezi: Kama mashine hiyo ingaliuzwa kwa Sh. 3,500,000, chama kingalipata faida au hasara? Kiasi gani?